JESI, MJI ULIOJUA NANI ALIPIE KITARA

Atokaye bandari ya Ancona, kwenye pwani ya mashariki ya Italia, hupanda gari moshi lifuatalo bonde la mto Esino kuelekea bara. Haupiti muda mrefu kabla ya bahari kupotea nyuma, na kila upande wa reli huonekana vilima vilivyolimwa kwa utaratibu mkubwa: ngano, alizeti, na mizabibu itoayo mvinyo mweupe uitwao Verdicchio. Kiasi cha kilomita 30 kutoka Ancona, juu ya mwinuko mdogo, hutokeza kuta za kale zenye minara, na nyumba za watu zimejengwa juu ya kuta hizo hizo. Huo ndio mji wa Jesi, katika mkoa wa Marche. Wakazi wake ni wapatao 40,000 tu.

Mji huu una historia ndefu. Tarehe 26 Desemba 1194 alizaliwa hapa Federico wa Pili, aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa nchi nyingi za Ulaya. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba mama yake alijifungulia katika hema lililopigwa uwanjani, mbele ya macho ya watu, ili asiwepo wa kusema kwamba mtoto si wake. Uwanja huo hadi leo una jina la mfalme huyo. Hata hivyo Jesi si mji wa wafalme. Katika karne ya 19 ulijulikana kwa viwanda vya kusokota hariri, na baadaye kwa viwanda vya mashine. Matrekta ya New Holland hutengenezwa hapa. Kwa sababu hiyo watu wa mkoa huo waliupa mji lakabu ya Milano ya Marche, yaani mji wa watu wafanyao kazi.

Lakini mpenda michezo akilisikia jina la Jesi, hafikirii hariri wala matrekta. Hufikiria vitara.

MEDALI ZISIZO NA KIFANI

Katika mchezo wa vitara ziko silaha tatu, na mojawapo huitwa foili. Ni ufito mwembamba wa chuma, wenye kipini upande mmoja na kitufe kidogo kwenye ncha. Mchezaji hushinda kwa kumgusa mwenzake kifuani, tumboni au mgongoni kwa ncha hiyo, naye hulindwa kwa kinyago cha waya na nguo nzito nyeupe.

Kati ya mwaka 1992 na 2012 ilifanyika michezo sita ya Olimpiki. Katika michezo hiyo sita, medali ya dhahabu ya foili kwa mwanamke mmoja mmoja ilikwenda kwa mabinti wa Jesi mara tano. Giovanna Trillini aliipata Barcelona mwaka 1992. Valentina Vezzali aliipata mara tatu mfululizo: Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008. Elisa Di Francisca aliipata London mwaka 2012. Pale Athens, waliokutana katika fainali walikuwa Vezzali na Trillini, mabinti wawili wa mji mmoja. Kabla yao wote Stefano Cerioni, naye wa Jesi, alikuwa ametwaa dhahabu ya wanaume huko Seoul mwaka 1988.

Yapo mataifa yenye mamilioni ya watu ambayo hayajapata hata medali moja ya mchezo huu. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mchezo wenyewe, kwa asili yake, ulikuwa wa mabwana wakubwa. Kwa karne nyingi kitara kilifundishwa katika majumba ya watawala na katika vyuo vya maofisa wa jeshi. Mtoto wa mkulima hakukaribishwa mlangoni, na hata kama angalikaribishwa, asingaliweza kumlipa mwalimu. Basi kitara kilifikaje mikononi mwa watoto wa mji wa viwanda? Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na chombo hiki kilianza kuundwa Afrika.

MATEKA WA ZONDERWATER

Wasafiri wapitao barabara ya zamani itokayo Nairobi kuteremkia Naivasha hulijua kanisa dogo la mawe la Mai Mahiu. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mateka wengine wa taifa hilo walisafirishwa hadi Afrika Kusini, wakawekwa katika kambi ya Zonderwater, upande wa mashariki wa Pretoria. Kambi hiyo ilikuwa kubwa mno. Kati ya mwaka 1941 na 1947 walipita humo Waitaliano wakaribiao 100,000.

Kuanzia mwaka 1943 kamanda wa kambi alikuwa Kanali Hendrik Prinsloo. Ofisa huyu aliona kwamba askari aliyefungiwa bila kazi huoza moyo kabla ya mwili. Chini ya uongozi wake kambi ilikuwa na madarasa ya kufundisha wasiojua kusoma, kumbi za maonyesho, warsha za mafundi na viwanja vya michezo. Miongoni mwa mateka alikuwamo mtu wa Jesi, jina lake Ezio Triccoli. Huko utekani ndiko alikojifunza kushika kitara.

Vita vilipokwisha Triccoli alirejea kwao. Wengi waliorudi kutoka utekani walirudi na maradhi na kumbukumbu chungu. Yeye alirudi pia na ujuzi. Mwaka 1947 alianzisha klabu ya vitara ya Jesi, wakati nchi yake ilikuwa ingali inafukua vifusi vya mabomu. Hakuwaita watoto wa mabwana. Aliwaita watoto wa mji, na kwa karibu nusu karne akawafundisha. Cerioni, Trillini na Vezzali wote walipita mikononi mwake. Vezzali alipelekwa kwake akiwa na umri wa miaka sita. Triccoli alifariki mwaka 1996, na ukumbi mkubwa wa michezo wa mji umepewa jina lake.

HESABU YA MZAZI

Mzazi apelekaye mtoto kujifunza vitara hukutana na malipo ya namna tano, nayo yafaa yatajwe moja baada ya jingine, kwa maana wengi huulizia la kwanza tu na kushtushwa na yanayofuata.

La kwanza ni ada ya uanachama wa klabu. Klabu nyingi za Italia ni vyama visivyotafuta faida. Ada ya mwezi huhesabiwa kwa makumi ya euro, si kwa mamia. Ndani ya ada hiyo mna masomo ya pamoja, ambapo mwalimu mmoja huongoza kundi zima katika mazoezi ya miguu, kusonga mbele, kurudi nyuma na kuchomoka.

La pili ni kadi ya chama cha taifa cha vitara, kilichoundwa mwaka 1909, pamoja na cheti cha daktari. Sheria ya Italia haimruhusu mtoto kuingia mashindanoni bila kupimwa moyo na kuthibitishwa kuwa ana afya.

La tatu ni masomo ya peke yake. Hapa ndipo penye uzito. Mchezo wa vitara haukomai katika kundi; hukomaa pale mwalimu na mwanafunzi wanaposimama uso kwa uso, kitara kwa kitara, kwa muda wa kama dakika 20. Kwa hiyo katika saa moja mwalimu hawezi kuhudumia zaidi ya wanafunzi watatu. Mwalimu wa mpira hufundisha vijana 20 kwa filimbi moja. Mwalimu wa vitara huwafikia mmoja mmoja, kama fundi cherehani apimaye nguo. Mshahara wake ukigawanywa kwa watu watatu kila saa, lazima bei ipande.

La nne ni vifaa. Watoto wadogo kabisa huanza na foili za plastiki, na klabu nyingi huwaazima wanafunzi wapya kinyago na koti kwa miezi ya mwanzo. Ila mtoto akiingia mashindano makubwa, mkoba hufunguka. Kinyago kilichoidhinishwa na shirikisho la vitara la dunia huzidi euro 100. Ufito mmoja wa foili wa chuma bora huweza kufikia bei hiyo hiyo, na ufito huvunjika. Mshindani haruhusiwi kufika uwanjani na silaha moja. Sharti awe na ya akiba, pamoja na waya za umeme za akiba. Juu ya koti huvaliwa kizibao cha nyuzi za metali, ambacho huwezesha taa kuwaka kila ncha inapogusa. Suti kamili ya mashindano ya kimataifa huhesabiwa kwa mamia ya euro.

Tena kuna jambo ambalo mama mwenye watoto wengi atalitambua mara moja. Koti la atumiaye mkono wa kulia hufungwa upande mmoja, na la atumiaye mkono wa kushoto hufungwa upande wa pili. Kwa hiyo mdogo mtu aliye wa mkono wa kushoto hawezi kurithi koti la kaka yake, wala glavu yake.

La tano ni safari. Mashindano hayafanyiki kila Jumamosi katika uwanja wa jirani. Kuna nauli, kuna malazi, na kuna chakula cha mtoto pamoja na cha mzazi aliyemsindikiza.

Serikali ya Italia huwapunguzia wazazi mzigo kidogo. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007, mzazi aliyelipia michezo ya mtoto wa umri wa kati ya miaka 5 na 18 hukatiwa katika kodi yake asilimia 19 ya malipo hayo, mradi yasizidi euro 210 kwa mwaka. Ukifanya hesabu utaona kwamba nafuu yenyewe haifiki euro 40. Ni shukrani zaidi kuliko msaada.

KWA NINI KINYAGO NI GHALI

Wako wasemao kwamba bei ya vifaa ni ulafi wa wafanyabiashara. Hapana shaka kila mfanyabiashara hutafuta faida yake, lakini sehemu kubwa ya bei hiyo ililipwa kwanza kwa damu.

Mwezi Julai 1982 mashindano ya dunia yalifanyika Roma. Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa foili wa Olimpiki ya mwaka 1980, alikuwa akicheza na Matthias Behr wa Ujerumani ya Magharibi. Katika kushambuliana, ufito wa Behr ulivunjika. Ncha iliyobaki, kali kama sindano ya kushonea magunia, ilipenya waya za kinyago cha Smirnov na kumwingia jichoni hadi ubongoni. Alifariki baada ya siku chache. Behr hakuwa amefanya kosa lolote; kosa lilikuwa la chuma na la waya.

Tangu hapo kanuni zilibadilishwa. Fito za mashindano makubwa zilianza kutengenezwa kwa chuma cha namna ya pekee, ambacho hakivunjiki upesi. Nguo nazo zikapimwa kwa kizio cha nyutoni, yaani nguvu ambayo kitambaa kinaweza kuihimili kabla ya kutobolewa. Kwa mashindano ya kimataifa nguo hutakiwa kuhimili nyutoni 800, sawa na kusukumwa kwa uzito wa kilo 80 uliokusanywa katika ncha moja ndogo. Kitambaa kilindacho shingo chini ya kinyago hutakiwa kuhimili nyutoni 1,600.

Askari aliyewahi kuvaa kofia ya chuma hahitaji kuelezwa zaidi. Mzazi aweza kupunguza gharama kwa kununua mkoba uliotumika, au kwa kushona soksi nyumbani. Asijaribu kupunguza gharama katika kinyago.

POLISI WENYE MEDALI

Sasa hebu turudi katika swali la nani hulipa. Mtoto wa miaka kumi hulipiwa na wazazi na klabu. Lakini kijana wa miaka 20, afanyaye mazoezi kila siku asubuhi na jioni, atakula nini? Hawezi kushika kazi ya kiwandani na wakati huo huo kuwania ubingwa wa dunia.

Italia ilijibu swali hilo kwa njia inayopasa kuwavutia wasomaji wengi wa gazeti hili: iliwapa wachezaji wake sare. Polisi ya Taifa ina kikosi cha michezo kiitwacho Fiamme Oro, maana yake Miali ya Dhahabu, kilichoundwa mwaka 1954. Walinzi wa fedha na forodha wanacho chao, Fiamme Gialle, yaani Miali ya Manjano. Jeshi la nchi kavu, jeshi la anga na jeshi la Carabinieri nao wana vikosi vyao. Kijana mwenye kipaji huingia kwa kushindanishwa kama waombaji wengine wa nafasi za serikali. Akichaguliwa hupokea mshahara, hufanya mazoezi, na siku zake za ushindani zikiisha aweza kuendelea na utumishi katika kazi za kawaida.

Vezzali na Di Francisca walikuwa askari wa Fiamme Oro. Trillini alikuwa katika polisi ya misitu, kikosi ambacho mwaka 2017 kiliunganishwa na Carabinieri. Vezzali alifiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka 15, umri ambao watoto wengi wa kike, katika nchi nyingi, hulazimika kuacha michezo ili kusaidia nyumbani. Yeye hakuacha. Alipata medali tisa za Olimpiki, sita zikiwa za dhahabu. Mwaka 2012 alibeba bendera ya taifa huko London. Baadaye akawa mbunge, na kati ya mwaka 2021 na 2022 akashika madaraka ya michezo katika serikali ya nchi yake.

Mpango huu haukosi wa kuulalamikia. Wako wasemao kwamba askari ni wa kulinda raia, si wa kuruka na foili. Tena nafasi ni chache: kwa kila mmoja avaaye sare, wako wengi waliolipa ada miaka kumi na hawakuitwa. Mzazi ampelekaye mtoto klabuni kwa tamaa ya mshahara wa serikali anacheza bahati nasibu.

PALIPO NA PANGO

Ili kuuelewa vizuri mfano wa Jesi, yafaa kuutazama mji ulio kinyume chake. Katika jiji kama New York, klabu nyingi ni biashara. Jengo ni la kupanga, na pango la ardhi ya jiji hilo halina huruma. Mwalimu, ambaye mara nyingi ametoka Ulaya ya Mashariki, naye huhitaji nyumba na bima. Malipo yote hayo huangukia meza ya mzazi, na mzazi wa mtoto mshindani hulipa mamia ya dola kila mwezi, kabla ya kuhesabu nauli. Wachezaji hodari hutoka huko pia, na walimu wake ni mahiri. Ila mlango umekwisha kuchagua watoto kabla mwalimu hajawaona.

Huko Jesi kilichoshusha bei hakikuwa muujiza. Mwalimu wa kwanza alitoa maisha yake. Wanafunzi wakubwa walirudi kufundisha wadogo: Cerioni akawa kocha wa timu ya taifa ya foili, na Trillini naye akageuka mwalimu. Serikali ikachukua mzigo pale mtoto alipokuwa mtu mzima. Gharama ilibaki ile ile. Iligawanywa kwa mabega mengi. Na bado matunda yanaonekana. Katika mashindano ya dunia ya Milano mwaka 2023, mabingwa wa foili walikuwa Tommaso Marini kwa wanaume na Alice Volpi kwa wanawake, wote wawili wakiwa wamenolewa Jesi.

UPANDE WETU WA DUNIA

Yawezekana msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu, kwa sababu kitara kimekwisha kufika Afrika ya Mashariki. Alexandra Ndolo, mzaliwa wa Ujerumani ambaye baba yake ni Mkenya, alishinda medali ya fedha ya dunia huko Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani. Baada ya hapo alihamia bendera ya Kenya, na mwaka 2024 huko Paris akawa mcheza vitara wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki. Mjini Nairobi wapo vijana wa mitaa ya watu wa kipato kidogo wanaojifunza mchezo huo, mara nyingine kwa kuvaa kinyago kimoja kwa zamu.

Kinyago cha euro 100 bei yake ni ile ile Jesi na Nairobi, lakini mshahara si ule ule. Ndiyo maana mfano wa Jesi una thamani kwetu kuliko mfano wa jiji tajiri. Kambi zetu za askari na polisi zina kumbi, zina mabwalo, na zina watu waliozoea nidhamu ya mazoezi ya alfajiri. Ukumbi usio na pango ni nusu ya safari. Vifaa vya pamoja, vinavyobaki kuwa mali ya klabu na kupokezanwa na watoto kadiri wanavyokua, ni robo yake.

Robo iliyobaki ni mwalimu, na hapo pana ugumu, kwa kuwa mwalimu hanunuliwi dukani. Kwa hiyo mzazi atakayeletewa habari ya klabu ya vitara, au ya mchezo mwingine wowote wenye gharama, asiulize ada ya mwezi peke yake. Aulize vifaa ni vya nani, aulize jengo ni la nani, tena aulize ni nani atakayefundisha iwapo mwalimu wa sasa ataondoka. Klabu yenye majibu ya maswali hayo matatu inaweza kudumu hata kama ada yake ni ndogo. Isiyo na majibu, mzazi asikimbilie kulipa ada ya mwaka mzima mara moja.